Bei ya Kiolezo: Usiuze na Usingizi Wako

Leo tuko Isaka, mkoani Shinyanga, pale reli ya kwenda Mwanza inapokutana na malori ya Rwanda na Burundi. Mama muuza karanga anaijua bei yake: karanga, mkaa, na faida kidogo. Kila kifuko akiuza, kimekwenda.

Sasa chukulia binti wa Kidato cha Tatu anatengeneza violezo vya tovuti, yaani kurasa zilizokwisha kupangwa, mwenye gesti au gereji anajaza jina na picha zake tu. Kiolezo hutengenezwa mara moja, kikauzwa hata mara mia. Hapo ndipo wengi huchemsha: "Si hakiniongezei gharama? Naweka buku tano!"

Tupige hesabu. Kazi ilichukua saa 60. Kila saa aipe thamani ya sh. 2,000, ni 120,000. Vifurushi vya intaneti 30,000. Jumla 150,000. Soko la mtandaoni nalo hukata chake (ThemeForest, iliyoanzishwa na Envato ya Australia mwaka 2008, ni mojawapo ya masoko hayo). Tuseme linakata asilimia 10. Akiuza 5,000 anabaki na 4,500, hivyo anahitaji wateja 34 ili kurudisha gharama. Akiuza 15,000 anabaki na 13,500, wateja 12 wanatosha.

Lakini subiri. Wateja huuliza: "Dada, picha haikai!" Kila mmoja akila nusu saa, ni sh. 1,000 nyingine. Kwa bei ya 15,000 bado ni wateja 12, na saa 6 za kujibu. Kwa 5,000 wanakuwa 43, na saa zaidi ya 21! Zinatoka wapi kama siyo usiku? Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji kulala saa 8 hadi 10. Bei ya chini mno inalipwa na macho yako darasani.

Akija mteja anayesema "niuzie mimi peke yangu", hiyo ni bei nyingine kabisa. Anakununulia na wateja wote ambao hutawapata tena. Hata 150,000 haitoshi.

Na yule anayesema, "Njoo gesti jioni tuelewane bei"? Hapana. Bei imeandikwa, kiolezo kinatumwa kwa mtandao, pesa inakuja kwa simu. Hakuna cha kukutana. Akizidi kusumbua, mwambie mtu mzima unayemwamini, au piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto Tanzania.

Zoezi: Soko likikata asilimia 20, bei ikiwa 10,000 na kila mteja akila nusu saa, wateja wangapi watarudisha zile 150,000? (Jibu: 22.)