Dondoo muhimu: Kutoa makala ndani ya tasnifu

Usipeleke sura ya tasnifu jaridani kama ilivyo. Sura hubeba mapitio marefu ya kazi tangulizi. Makala haina nafasi hiyo. Chagua hoja moja, iandike kwa sentensi moja, kisha fyeka kila aya isiyoihusu, hata ile uliyoihangaikia mwezi mzima.

Jarida lichaguliwe mapema. Anayetafiti Kiswahili asome matoleo mawili matatu ya *Kiswahili* au *Mulika*, majarida ya Taasisi ya Taaluma za Kiswahili (TATAKI), Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aone ikisiri na marejeleo yanavyoandikwa.

Barua pepe ikikuita “Mtafiti Mashuhuri” na kuahidi kukuchapisha ndani ya siku tano ukilipa, ifute. Uhakiki wa kweli hauendi mbio hivyo. Jarida usilolijua litafute kwenye orodha za majarida mtandaoni, AJOL au DOAJ, au muulize mkutubi.

Maoni ya wahakiki yakikuchoma, yaache siku mbili. Kisha chora jedwali: maoni yao safu moja, ulichorekebisha na namba ya ukurasa safu ya pili. Usipokubaliana nao, sema kwa adabu na utoe ushahidi. Suala la nani atangulie kwenye orodha ya waandishi, wewe au msimamizi, limalizeni kabla ya kutuma.