Pori Tupu? Uhakiki wa Kimazingira wa Riwaya za Picha na Njia ya Misafara ya Tabora

1.0 Utangulizi

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba katika riwaya ya picha inayosimulia habari za maendeleo, mandhari si pambo bali ni hoja. Utanzu huu husimulia kwa vipande: picha, pengo, kisha picha nyingine. Yaliyotukia ndani ya pengo hujazwa na msomaji. Uhakiki wa kimazingira hauna budi kuanzia hapo, kwani ndimo wenyeji wanamopotea.

2.0 Pori na Historia Yake

Safari za Stanley, aliyefika Tabora mwaka 1871, zilichorwa na Victor Hubinon, kwa maandishi ya Octave Joly, katika jarida la Spirou la Ubelgiji miaka ya 1950. Wakati huohuo mradi wa karanga wa serikali ya Uingereza, ulioanza 1947 na kuvunjwa 1951, ulikuwa umekwisha kufyeka miombo ya Urambo, magharibi ya Tabora.

Tuseme mchoraji anaweka picha mbili sambamba: msafara wa 1871 na tingatinga la 1947. Pengo litasema kuwa pori lilikuwa tupu, likingoja maendeleo. Kumbe Urambo ilikuwa makao ya Mtemi Mirambo, aliyefariki 1884. Aidha, katika miaka ya 1920 na 1930 serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi ya Tanganyika na kuwakusanya katika makazi ya pamoja kwa sababu ya malale. Utupu huo, basi, ulitengenezwa.

Hata majina hushuhudia. Nyika iliyoogopwa na wapagazi baina ya Ugogo na Unyanyembe iliitwa Mgunda Mkali. Na mgunda maana yake ni shamba.

3.0 Hitimisho

Kutokuwapo kwa mtu katika picha si ushahidi wa kutokuwapo kwa mwenyeji. Mzinga mmoja wa nyuki uliotundikwa mtini watosha kueleza kuwa msitu una mwenyewe. Mhakiki hana budi kuuliza: je, mzinga umechorwa? Nani ameachwa ndani ya pengo? Swali hili si la sanaa peke yake, maana anayechorwa kuwa hayupo haulizwi ardhi yake inapogawiwa. Leo tumbaku ya Urambo hukaushwa kwa kuni za miombo. Atakayeichora hadithi hiyo na aanze kwa kuhesabu mizinga.