Mtoto Anapoitwa Jeshi la Kujenga Taifa

Mafunzo ya JKT kwa mujibu wa sheria, yaliyositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa 2013, huwapokea vijana waliohitimu kidato cha sita. Mzazi wa Mbagala au Chamazi ambaye kijana wake amepangiwa Bulombora, mkoani Kigoma, hana budi kuandaa mapema nauli ya kwenda na kurudi, pamoja na bukta, raba na shuka zinazotajwa katika wito. Asimlipe mtu yeyote anayedai kuwa atambadilishia kijana kambi.

Linalofichwa mno ni afya. Wapo wazazi wanaomwambia kijana mwenye pumu, kifafa au selimundu anyamaze, wakichelea aibu ya kurudishwa nyumbani. Kambini siku huanza alfajiri kwa mchakamchaka, na mkufunzi asiyejua hali ya kuruta hawezi kumpunguzia kazi. Cheti cha daktari na dawa visafiri naye, na aeleze hali yake siku ileile ya kuripoti. Mwenye ulemavu wa kuonekana huelekezwa Ruvu, mkoani Pwani, ambako ipo miundombinu ya kumhudumia.

Simu ikikaa kimya majuma ya mwanzo, mzazi asikimbilie kupanda basi. Huenda kijana yuko gwarideni.