Homoni Katika Maziwa: Somo Kutoka kwa Wafugaji wa Marekani

Kila asubuhi katika vituo vya kukusanyia maziwa, karani hufungua mkebe na kunusa. Hutumbukiza laktomita kuona kama maziwa yametiwa maji, kisha huchanganya kiasi kidogo na alkoholi kuona kama yameanza kuharibika. Vipimo hivi vina kazi yake, lakini haviwezi kuonyesha kama ng'ombe alidungwa dawa juzi. Kwa jambo hilo, ushirika hutegemea neno la mfugaji.

Wafugaji wa Marekani walikabiliwa na hali kama hiyo kuanzia miaka ya 1990, ilipoingia sokoni homoni ya kuongeza maziwa. Jinsi walivyoishughulikia ni somo kwa kila mwanachama wa ushirika wa maziwa.

Homoni hiyo ni nini?

Mwili wa ng'ombe hutengeneza homoni iitwayo BST, ambayo humsaidia kukua na kutoa maziwa. Kampuni ya Monsanto iliitengeneza kwa kutumia bakteria waliobadilishwa jeni. Homoni hiyo, rBST, iliuzwa kwa jina la Posilac. Ng'ombe alidungwa sindano kila baada ya siku 14, na maziwa yakaongezeka kwa takriban asilimia 10 hadi 15.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha homoni hiyo Novemba 1993, na ikaanza kuuzwa Februari 1994. FDA ilisema maziwa ya ng'ombe waliodungwa ni salama kwa binadamu na hayana tofauti kubwa na maziwa mengine. Huo ndio msimamo wake hadi leo.

Kwa nini wafugaji walipinga?

Sababu ya kwanza ilikuwa afya ya ng'ombe. Maelezo ya Posilac yenyewe yalionya kwamba ng'ombe aliyedungwa huwa katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa kiwele. Ng'ombe akiugua kiwele hutibiwa kwa antibiotiki, na wafugaji waliogopa mabaki ya dawa hizo kuingia katika maziwa.

Sababu ya pili ilikuwa bei. Marekani tayari ilikuwa na maziwa kupita kiasi. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mpango wa kuwalipa wafugaji waache kukamua. Wenye mashamba madogo waliuliza nani angefaidika maziwa yakiongezwa zaidi huku bei ikishuka.

Nchini Kanada, wataalamu walioteuliwa kuchunguza suala hili walikuta kwamba homoni hiyo iliongeza hatari ya ugonjwa wa kiwele kwa takriban asilimia 25, na hatari ya ng'ombe kuchechemea kwa takriban asilimia 50. Januari 1999 Wizara ya Afya ya Kanada ilikataa kuiidhinisha kwa sababu ya afya ya ng'ombe. Umoja wa Ulaya nao uliipiga marufuku mwaka huohuo.

Vita vya lebo

Marekani homoni iliendelea kuuzwa, na mvutano ukahamia kwenye pakiti ya maziwa. Mwaka 1994 jimbo la Vermont lilipitisha sheria ya kutaka maziwa ya ng'ombe waliodungwa yatambulishwe. Mwaka 1996 mahakama ya rufaa iliizuia, ikisema hamu ya wanunuzi kutaka kujua haitoshi kuwa sababu ya kuwalazimisha wauzaji.

Njia iliyobaki ilikuwa wafugaji wasiotumia homoni kujitangaza wenyewe. Katika jimbo la Maine, kampuni ya Oakhurst iliwalipa wafugaji nyongeza ya bei kwa sharti kwamba watie sahihi kiapo cha kutotumia homoni. Ahadi hiyo ikachapishwa kwenye pakiti. Mwaka 2003 Monsanto iliishtaki Oakhurst, ikidai lebo hiyo inawapotosha wanunuzi. Kesi ilimalizwa kwa maafikiano: ahadi ya wafugaji ilibaki, na pakiti ikaongezwa maneno ya kueleza msimamo wa FDA.

Huko Oregon, uamuzi ulifanywa na wanachama wenyewe. Ushirika wa Tillamook, unaojulikana kwa jibini, ulipiga marufuku homoni hiyo kwa wanachama wake. Waliopinga hatua hiyo walitaka ifikiriwe upya, na Februari 2005 suala likapigiwa kura. Wanachama 83 waliunga mkono marufuku, 43 wakaipinga. Kufikia 2008 maduka makubwa, likiwemo Walmart, yalikuwa yakitangaza maziwa yasiyo na rBST. Mwaka huohuo Monsanto iliuza biashara ya Posilac kwa kampuni nyingine.

Tunajifunza nini?

Kwanza, weka rekodi. Ng'ombe akitibiwa kwa antibiotiki, andika katika daftari jina lake, dawa, tarehe na siku za kusubiri alizoagiza daktari wa mifugo. Maziwa ya siku hizo yasipelekwe kituoni wala yasinywewe nyumbani. Kuchemsha hakuondoi mabaki ya dawa. Mabaki hayo huzuia mala kuganda, na huchangia vijidudu kuzoea dawa. Kumbuka pia kwamba mkebe mmoja unaweza kuharibu tangi zima la ushirika.

Pili, tumia mkutano mkuu. Suala la dawa na vyakula vya mifugo ni la wanachama wote. Likiamuliwa kwa kura na kuandikwa katika kanuni, kila mmoja anajua linalotarajiwa kwake.

Tatu, sema ukweli kwa mnunuzi. Ahadi ya wafugaji wa Maine, ambayo kila mmoja alikuwa ameitia sahihi, ilibaki kwenye pakiti hata baada ya kesi.

Nne, zijue haki zako. Kifungu cha 43 cha Katiba ya Kenya kinampa kila mtu haki ya chakula cha kutosha na cha ubora unaokubalika. Kifungu cha 46 kinampa mnunuzi haki ya kupata habari kuhusu bidhaa na kulindwa afya yake. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 nayo inamruhusu mkazi kuwasilisha ombi katika bunge la kaunti.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, ushirika wetu una kanuni iliyoandikwa kuhusu maziwa ya ng'ombe anayetibiwa?
2. Mwanachama akisema ukweli na kuzuia maziwa yake kwa siku hizo, tunamsaidiaje kufidia hasara?
3. Mnunuzi akituuliza maziwa yetu yametoka kwa ng'ombe wa namna gani, tuna rekodi gani ya kumwonyesha?

Kwa ushauri kuhusu matumizi ya dawa na siku za kusubiri, muone afisa wa mifugo wa wadi yako.