Maradhi ya Akili si Aibu

Katika maradhi yote ambayo Mwenyezi Mungu huwatahini kwayo waja wake, hapana yaliyofahamiwa vibaya kama maradhi ya akili. Mwenye homa huzuriwa, na aliyevunjika mguu hubebwa. Lakini aliyeharibikiwa na akili hufichwa chumbani, hufungwa kamba, huzomewa na watoto njiani, na dada zake hukosa wachumba.

Tutazame Meru na Embu, katika miteremko ya Mlima Kenya, nchi ambayo sisi watu wa pwani twaijua khasa kwa mirungi itokayo Meru. Huko, kama kwetu, wako wasemao kuwa mgonjwa huyo amelogwa au amelaaniwa. Kwa miaka mingi aliyezidiwa alipelekwa Nairobi, katika hospitali ya Mathari iliyofunguliwa mwaka 1910. Na jina hilo likageuka tusi katika vinywa vya watu. Basi nani atakwenda kwa hiari yake mahali ambapo jina lake ni tusi? Leo hospitali kuu za Meru na Embu zenyewe hutibu maradhi hayo. Lakini dawa kuwa karibu hakufai kitu, ikiwa aibu imesimama mlangoni.

Na sharia yetu yasemaje? Imemwondolea mwenda wazimu dhambi, kama ilivyomwondolea mtoto mdogo na aliyelala. Lakini haikumwondolea haki zake. Katika Surat An-Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa kuwa mali ya wasioweza kujiendeshea mambo yao isimamiwe, nao walishwe na wavikwe, na waambiwe maneno mema. Fahamuni vyema: chakula na nguo havikutosha, hata maneno yameamrishwa. Basi amdhihakiye mgonjwa ameihalifu amri hiyo, ijapokuwa amemshibisha.

Waliotutangulia walilijua hili. Hospitali ya Mansuri, iliyojengwa Cairo mwaka 1284, ilikuwa na sehemu ya wagonjwa wa akili. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyekufa mwaka 934, aliandika juu ya tiba ya mwili na nafsi pamoja.

Huenda mtu akauliza: Je, majini na uchawi haviko? Twajibu: kuamini mambo ya ghaibu ni jambo moja, na kumhukumu mgonjwa bila ya dalili ni jambo jingine. Dua na dawa hazigombani.

Basi yatupasa mambo matatu. Kwanza, tumpeleke mgonjwa kwa daktari mapema, wala tusingoje mpaka afungwe kamba. Pili, tuwakanye watoto wetu wasimzomee, nasi wenyewe tuache kuyafanya maradhi yake kuwa tusi. Tatu, akipata nafuu tumrudishie nafasi yake msikitini, kazini na karamuni. Na mwenye kutafuna mirungi ajue ya kuwa kupita kiasi na kukesha huweza kuyazidisha maradhi haya.

Leo ni yeye. Kesho yaweza kuwa mimi au wewe. Mwenyezi Mungu atupe akili timamu, na huruma kwa aliyepungukiwa nayo.