Msuli Unapocheza: Mwili Unadai Haki Yake

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, somo letu la leo ni dogo kwa sura, lakini limewakosesha wengi amani, hasa nyakati za mitihani. Kope inacheza siku tatu mfululizo. Shavu la mguu linarukaruka ukilala. Je, ni nini?

Mwanafunzi anayerudi likizo Nchelenge, kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, huenda akapewa majibu matatu. Wazee watamwambia jicho la kushoto likicheza kuna kilio kinakuja. Simu itamwambia ana ugonjwa wa neva. Jirani atamletea mizizi au kwinini. Tuyapime moja baada ya jingine.

Kwanza: Je, ni ishara ya jambo lijalo?

Hapana. Kuchukua mkosi kutoka kwa ndege, siku au jicho ndiyo tiyara, na Mtume (s.a.w.) aliikataza. Wazee wetu tuwajibu kwa adabu, lakini tusiahirishe safari wala mtihani kwa sababu ya kope.

Sababu iko mwilini. Msuli huendeshwa na neva. Neva iliyochoka au iliyochochewa kupita kiasi inaweza kurusha ishara bila kuamriwa, na nyuzi chache za msuli zikajikunja. Ngozi inaonekana ikirukaruka, lakini nguvu za mkono au mguu hazipungui. Vichochezi vinavyojulikana ni kukosa usingizi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu, wasiwasi na mazoezi mazito.

Pili: Je, ni ugonjwa mkubwa?

Watu wengi wenye afya njema hupatwa na hali hii. Wanachoogopa ni ugonjwa adimu unaoua neva zinazoendesha misuli. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia watu 121 ambao misuli yao ilikuwa ikicheza bila dalili nyingine, kwa muda wa kati ya miaka 2 na 32. Hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa huo.

Wasiwasi wenyewe huongeza tatizo. Ukikaa unauchunguza mguu usiku kucha, utaona kila mtikisiko, utaogopa, hutalala, na kesho msuli utacheza zaidi.

Tatu: Tiba ya asili ni ipi?

Ya kwanza ni usingizi. Abdullah bin Amr (r.a.) alikuwa akifunga kila siku na kukesha usiku katika ibada. Mtume (s.a.w.) alimkumbusha kwamba mwili wake una haki juu yake. Ikiwa hivyo ndivyo kwa anayekesha kwa ajili ya Allah, vipi anayekesha na simu? Mvuvi wa chisense anayevua usiku kwa taa hulala mchana ili afidie. Mwanafunzi naye alipe deni lake.

Ya pili ni kupunguza kahawa. Nusu ya kafeini uliyokunywa bado imo mwilini baada ya saa tano hivi. Katika Ramadhani, usiifanye futari kuwa chai nzito na kahawa tupu. Kunywa maji ya kutosha kati ya futari na daku.

Ya tatu ni chakula, na Mweru imebarikiwa. Chisense huliwa na mifupa yake, hivyo hutupatia kalsiamu. Sombe, maharage na karanga vina magnesiamu. Usikimbilie vidonge vya magnesiamu: tafiti za watu wazima wanaobanwa na misuli hazikuonyesha faida ya maana.

Habbat-sauda na asali zina nafasi yake katika tiba ya Sunna, lakini hazichukui nafasi ya usingizi. Mizizi usiyoijua jina wala kipimo, iache. Na kwinini ni dawa ya malaria, si ya msuli. Mwaka 1994 Marekani ilipiga marufuku kuiuza bila cheti cha daktari kwa ajili ya misuli inayobana usiku, kwa kuwa inaweza kudhuru damu na mapigo ya moyo.

Lini uende hospitali?

Nenda ikiwa kiungo kinapoteza nguvu: unadondosha vitu, unajikwaa, msuli unasinyaa, au kumeza na kuongea kunakuwa kugumu. Nenda pia ikiwa msuli uleule unaendelea kucheza kwa wiki kadhaa. Nenda haraka ikiwa misuli inacheza pamoja na kutoka mate mengi, jasho na kutapika baada ya kushika dawa ya kuulia wadudu. Hiyo inaweza kuwa sumu. Na kutetemeka kwenye homa ni jambo jingine kabisa. Nchelenge ina malaria nyingi, basi pima siku hiyohiyo, iwe ni Hospitali ya St Paul's pale Kashikishi au kituo kilicho karibu nawe.

Maswali ya halaqa

1. Utamjibuje mzazi anayeamini mkosi wa jicho bila kumvunjia heshima?
2. Wiki hii umelala saa ngapi kila usiku?
3. Ni dalili zipi zitakufanya usingoje?

Allah atujaalie afya, na atuwezeshe kuilinda amana ya miili yetu. Amin.