Mgeni wa Kulipa: Leseni na Daftari

Mgeni wetu tunamkaribisha bure. Anakula, analala, kesho anaendelea na safari. Hapo hakuna leseni. Lakini mafundi wa barabara wanataka pa kulala, watalii nao wanafika mpaka vijijini. Ukianza kupangisha chumba kwa siku mbili tatu, mgeni akatoa fedha, basi umefungua biashara.

Biashara inataka leseni. Hapa Tanzania jambo hili limo katika Sheria ya Leseni za Biashara ya mwaka 1972. Leseni ya nyumba ya wageni hutolewa na halmashauri ya wilaya. Kwanza pata namba ya mlipakodi kutoka TRA. Namba hiyo ni bure, asikuuzie mtu! Afisa afya naye ataangalia choo, maji na madirisha. Wanaolaza watalii wanahusika pia na Sheria ya Utalii ya mwaka 2008. Waulize wilayani kabla hujanunua vitanda.

Haya, tuje kwenye ushuru. Mtu anabisha hodi, anasema, "Kijiji kimepitisha sheria ndogo, lipa." Usigombane naye, wala usiwe na haraka. Mwombe akuonyeshe maandishi, uyasome. Kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 1982, sheria ndogo ya kijiji hujadiliwa kwanza na mkutano mkuu wa kijiji, kisha huidhinishwa na halmashauri ya wilaya. Na mkutano mkuu ni nani? Ni wewe na kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ukilipa, dai stakabadhi. Kama umetoa shilingi 10,000 na karatasi inasema 2,000, irudishe papo hapo.

Sisi tunasisitiza sana daftari la wageni. Andika jina la mgeni, alikotoka, anakokwenda, namba ya kitambulisho, siku ya kuingia na siku ya kutoka. Mwishoni atie sahihi. Mjulishe pia mwenyekiti wa kitongoji. Wengine husema huko ni kumchunguza mgeni. Je, polisi wakija kumwulizia mtu aliyelala kwako Jumanne, utasemaje? Bila daftari una neno lako tu. Ukiwa nalo, unafungua ukurasa na sahihi yake ipo.

Zoezi: Chora safu saba katika daftari lako. Mwandike mgeni wa mwisho aliyelala kwako. Ni safu ipi imekushinda kujaza?